Arbuni ya Hewa

Katika soko la Kibuye jijini Kisumu, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Kondele, mteja anayetaka kitanda cha futi tano kwa sita halipi pesa zote siku ya kwanza. Anaacha arbuni, fundi anaandika kwenye kijidaftari, anaambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa ikifika huenda akaambiwa vanishi haijakauka, ajaribu Jumanne. Atang'aka, lakini hatakata tamaa, kwa sababu kazi anaiona: miguu minne imeshachongwa, ubao wa kichwani umeegemezwa ukutani, maranda mapya yamezagaa chini ya meza. Hatua chache mbele, anayenunua ngege anainua kifuniko cha shavu la samaki kwa kidole gumba aone kama matamvua bado ni mekundu. Yakiwa yamepauka, anamrudisha samaki kwenye sinia bila kuuliza bei. Programu ya kompyuta haina matamvua. Iliyoandikwa nusu na isiyoandikwa kabisa huonekana sawa kwa aliye nje, na ndiyo maana hakuna bidhaa iliyotangazwa mapema kuliko programu na gemu, wala iliyochelewa kwa miaka mingi hivyo, mara nyingi bila mtu kushtakiwa.

Wakenya wanalo neno la vitu vya namna hii. Mfanyakazi aliye kwenye orodha ya mishahara lakini hayupo kazini ni mfanyakazi hewa. Kampuni iliyopewa zabuni wakati haina hata ofisi ni kampuni hewa. Basi tuseme programu hewa. Lakini neno hilo, kwa utamu wake wote, linaelekeza jicho pasipo. Linamfanya msikilizaji aulize kama kitu kipo au hakipo, kimechelewa miaka mingapi, mtangazaji alikuwa mkweli au mwongo. Historia ya matangazo haya, kutoka New York hadi Nairobi na hadi ufuo huu wa ziwa, inaonyesha kwamba maswali hayo ni ya pili. La kwanza ni la Kibuye: nani aliyeacha arbuni, na aliacha nini? Kwa maana kila tangazo la kitu kisichokuwapo ni mkopo, na mara nyingi aliyekopwa hajui kwamba amekopesha.

Tuanzie 1964. Aprili 7 mwaka huo kampuni ya IBM ilitangaza familia ya kompyuta zake za System/360, na miezi michache baadaye ikaahidi mtambo mwingine wa jamii hiyo wenye nguvu ya kushindana na CDC 6600, kompyuta iliyobuniwa na Seymour Cray wa kampuni ya Control Data. Ya Cray ilikuwa imekwisha kuundwa. Ya IBM ilikuwa kwenye karatasi. Hata hivyo wanunuzi wakubwa walisita, kwani nani atanunua kwa kampuni changa leo wakati jitu la soko limesema lake liko njiani? Control Data ilishtaki Desemba 1968 ikidai kwamba IBM iliuza mashine za karatasi ili kuua soko la wenzake, na kesi ikaisha kwa maafikiano mwaka 1973, IBM ikiiachia mpinzani wake kampuni yake tanzu ya huduma za kompyuta. Tazama arbuni ilivyokuwa. Hakuna aliyetoa senti. Wateja waliacha subira yao tu, na subira hiyo ikamgharimu mtu wa tatu ambaye hakuwa mezani.

Upande wa programu wa mradi huohuo unatufundisha jambo lingine, nalo ni la kuwatetea wachelewaji. Mfumo wa kuendeshea mitambo ile, OS/360, ulichelewa vibaya, na aliyeusimamia, Fred Brooks, alikuja kueleza sababu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975. Kuongeza watu kwenye programu iliyochelewa, alisema, huichelewesha zaidi, kwa sababu wageni hufundishwa na wale wale waliopaswa kuwa kazini, na kila kichwa kinachoongezeka huzidisha mazungumzo ya kuelewana. Anayechimba mtaro akiletewa vibarua kumi atamaliza mapema. Anayeandika programu ataanza kuitisha mikutano. Kwa hiyo ucheleweshaji wenyewe si ushahidi wa hila. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea kwa miaka mitatu.

Lakini wapo waliogundua kwamba kosa hilo lina faida. Novemba 1983 Microsoft ilitangaza Windows jijini New York, na bidhaa ikafika madukani Novemba 1985. Ni katika msimu huohuo wa 1983 ambapo Esther Dyson, mchambuzi wa biashara ya kompyuta, alilieneza katika jarida lake neno la Kiingereza linalofananisha programu za aina hiyo na mvuke. Mwaka 1995 jambo hilo lilifika hadi kwa Jaji Stanley Sporkin huko Washington, aliyekataa kuidhinisha maafikiano kati ya serikali ya Marekani na Microsoft, mojawapo ya malalamiko yake likiwa ni hilihili la kutangaza vitu visivyo tayari ili mteja asiende kwa jirani. Mahakama ya rufaa ilimpindua miezi michache baadaye. Sheria, kwa jumla, imeshindwa kuupata mkono wa mtangazaji, kwa kuwa inatafuta uongo, na uongo ni mgumu kuthibitisha pale ambapo hata mwenye kazi hajui atamaliza lini.

Katika gemu za video, mfano unaotajwa kila mara ni Duke Nukem Forever. Kampuni ya 3D Realms iliitangaza Aprili 1997 ikitarajiwa kutoka mwaka uliofuata. Ikabadilisha injini ya gemu, ikaanza upya, ikaona teknolojia mpya kwa wengine, ikataka nayo iwe nayo. Ilipoulizwa tarehe, jibu likawa ni kwamba itatoka itakapokamilika. Mei 2009 watengenezaji waliachishwa kazi. Kampuni nyingine, Gearbox, ikaokota vipande, na gemu ikatoka Juni 2011, ikapokelewa kwa maguno. Miaka 14. Dunia ya wachezaji ilicheka sana, lakini ukifuata arbuni utaona kichekesho hiki hakikumwumiza mtu sana nje ya nyumba ile. Fedha zilizoteketea zilikuwa kwa sehemu kubwa za watengenezaji wenyewe na washirika wao wa biashara, na shabiki aliyengoja alipoteza hamu tu. Anayetaka kukasirika na atafute mfano mwingine, kama Star Citizen, iliyoanza kuchangisha umma mwaka 2012 ikilenga kutoka 2014, ikapitisha dola milioni 700 za michango, na mpaka leo inachezwa katika hali ya majaribio. Hapo arbuni ni pesa taslimu, imetoka mfukoni mwa mchezaji, na hakuna mbao ukutani za kuhesabu.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu wenye kadi za benki, Kondele inahusikaje? Kweli, ukumbi wa PlayStation, au PS, wa mtaani hautoi arbuni kwa gemu ambayo haijazaliwa. Ni chumba cha mabati chenye runinga mbili tatu, benchi, waya zinazopishana sakafuni na pedi zilizozungushiwa selotepu. Mtu analipa kwa mechi, na kinachochezwa ni mpira, mpira, mpira. Mwenye ukumbi ananunua mashine iliyokwisha kutumika na swali lake ni moja, inacheza au haichezi. Kwa busara hiyo amejiepusha na hasara nyingi zilizowapata wateja wa nchi tajiri. Ila hata yeye yumo ndani ya mfumo. Cyberpunk 2077, iliyotangazwa mwaka 2012, ilitoka Desemba 2020 ikiwa nzuri kwa kompyuta ghali na mbovu kiasi cha kutochezeka kwa PS4 za zamani, hata Sony ikaiondoa katika duka lake la mtandaoni kwa takriban nusu mwaka. Aliye na mashine ya zamani ndiye aliyelipia ahadi ambayo mwenye mashine mpya aliifurahia. Mtindo huo tutaukuta tena nyumbani, na kwa gharama kubwa zaidi.

Kabla ya hapo, haki itendeke kwa upande wa pili, kwani Afrika Mashariki ina visa viwili vya kuwaaibisha watangazaji. Tangu 2003 kulikuwa na mazungumzo ya kulaza waya wa intaneti chini ya bahari kando ya pwani yetu, mradi ulioitwa EASSy. Wakati huo eneo zima lilitegemea setilaiti, na katika saiba za Kisumu mteja alikuwa akilipa kwa dakika huku ukurasa mmoja ukijifungua mstari kwa mstari. Mradi ulinasa kwenye mabishano ya nani aumiliki na kampuni gani ziunganishwe kwa masharti gani. Kenya ilichoka. Ikashirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kulaza waya wake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, nao ukazinduliwa na Rais Mwai Kibaki Juni 2009; SEACOM, wa kampuni binafsi, ukawashwa mwezi uliofuata. EASSy, uliotangulia kutangazwa, ulifika mwaka 2010. Dawa ya ahadi iliyozidi kuahirishwa ilikuwa ni kuacha kuingoja, na Kenya iliweza kwa kuwa ilikuwa na fedha na bandari. Si kila anayengoja ana bandari.

Kisa cha pili kina uchungu. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa Desemba 30, 2007, Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji iliyowaka. Januari 16, 2008, kamera ya runinga ilinasa polisi akiwapiga risasi vijana hapa Kondele. Mwanzoni mwa Januari hiyohiyo, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh aliandika kwamba ingefaa pawe na ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi, na kwa siku chache tu yeye na wenzake, David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich, walikuwa wameiweka hewani kwa jina la Ushahidi, ikipokea taarifa kwa arafa na kwa mtandao. Kati ya wazo kutajwa hadharani na programu kufanya kazi hapakuwa na hata mwezi. Kisha ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010, na kwingineko. Watu wa kundi hilo walipogeukia utengenezaji wa kifaa, kisanduku cha intaneti kiitwacho BRCK, mambo yalikuwa tofauti: walichangisha umma mwaka 2013 wakapata zaidi ya dola 170,000, na kifaa kikaanza kutoka katikati ya 2014, baada ya kuchelewa. Uaminifu na akili vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni aina ya kazi, na jambo hilo linampa Brooks ushahidi mwingine.

Sasa tuje kwa ahadi kubwa kuliko zote za kidijitali katika historia ya Kenya. Februari 2013 muungano wa Jubilee ulizindua ilani yenye ahadi ya kompyuta ndogo, kipakatalishi, kwa kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza. Machi 4 ulishinda uchaguzi, na serikali mpya ikataja Januari 2014 kuwa mwanzo. Kisumu ilikuwa imempigia kura mpinzani wa Jubilee, Raila Odinga, kwa wingi mno, kwa hiyo mzazi wa Kondele hakuwa ameagiza kitanda hiki. Lakini kodi yake ilikuwa ndani ya bajeti, na mtoto wake alikuwa ndani ya darasa. Juni na Julai chama cha walimu, KNUT, kiligoma kwa zaidi ya wiki tatu kikidai marupurupu yaliyokubaliwa mwaka 1997, mwaka uleule wa tangazo la Duke Nukem Forever, na hoja iliyorudiwa katika mgomo ule ilikuwa kwamba serikali yenye pesa za vipakatalishi haiwezi kukosa za mwalimu atakayevitumia. Ahadi ya miaka 16 ilikuwa imesimama foleni nyuma ya ahadi ya miezi mitano.

Mapema 2014 zabuni ya shilingi bilioni 24.6 ilitolewa kwa kampuni ya Olive Telecommunications ya India. Washindani wakalalamika, ikaonekana Olive si mtengenezaji halisi wa vifaa, bodi ya rufaa za zabuni ikaifuta na mahakama ikaunga mkono. Januari 2014 ilikuwa imekwisha kupita. Mwaka ukapita, na mwingine. Mradi ulipofufuka mwaka 2016 ulikuwa umebadilika sura: vipakatalishi vimekuwa vishikwambi, wauzaji ni vyuo vikuu viwili vya umma vilivyoshirikiana na kampuni za nje, Chuo Kikuu cha Moi na JP SA Couto ya Ureno, JKUAT na Positivo BGH ya Amerika Kusini, na majaribio yakaanza kwa shule 150. Baadaye vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule zaidi ya 20,000. Ifikapo 2019 serikali ilikuwa imeacha wazo la kifaa kwa kila mtoto, ikizungumzia maabara ya kompyuta kwa kila shule.

Pingamizi kali zaidi dhidi ya hoja yangu liko hapa, na halistahili kupuuzwa. Mtetezi atasema kwamba bila kelele za 2013 shule nyingi za mashambani zisingepata umeme. Ni kweli. Kishikwambi hakichajiwi kwa kibatari, na ahadi ile iliilazimisha serikali kuunganisha maelfu ya shule za msingi kwenye stima au paneli za jua kwa kasi isiyowahi kuonekana. Taa zile zipo hata pale ambapo vishikwambi vimefungiwa kabatini. Atasema pia kwamba mambo makubwa hayawezi kufanywa kimyakimya: hospitali ambayo wakazi wa Kisumu wanaiita Russia iliahidiwa katika makubaliano na Muungano wa Kisovieti mwaka 1964, ikafunguliwa Oktoba 25, 1969. Siku ya ufunguzi wenyewe iliishia kwa damu, na hiyo ni historia nyingine. Lakini jengo lilisimama, na bila tangazo la mapema wauguzi wasingefunzwa wala ardhi isingetengwa.

Nakubali yote mawili, na ndiyo sababu sisemi kwamba kutangaza mapema ni kosa. Nasema mizani ya hukumu iko kwingine. Kwa miaka ile mitano, mpita njia wa Kondele aliweza kuona kuta za Russia zikipanda na kujua deni limelipwa kiasi gani. Vilevile aliweza, miaka mingi baadaye, kuhesabu nguzo za barabara ya juu pale mzungukoni. Umeme wa shuleni nao ulionekana, na ndiyo sababu ulifika: nguzo ikikosekana, mwalimu mkuu, chifu na mbunge wote wanaona. Masomo ya kidijitali yaliyopaswa kuwamo ndani ya vifaa, mafunzo ya mwalimu, mpango wa nani atatengeneza kioo kikivunjika, hayo hayakuwa na matamvua. Sehemu iliyokagulika ilitekelezwa, isiyokagulika ikayeyuka. Na hata hiyo faida ya umeme, mtu anaweza kuuliza kama ilihitaji kubebwa mgongoni mwa ahadi nyingine, au kama shule zilistahili taa kwa ajili ya taa.

Pingamizi jingine linatoka kwa wapenda gemu. Wanasema subira huzaa ubora, na mwaka 2025 walipata ushahidi: Hollow Knight: Silksong, kazi ya kikundi kidogo cha Team Cherry cha Adelaide, Australia, iliyotangazwa Februari 2019, ilitoka Septemba 4 ikasifiwa karibu kila mahali. Sina ubishi na ubora wake. Ila angalia jinsi miaka ile sita ilivyolipiwa. Waundaji walitumia mapato ya gemu yao ya kwanza, na waliochangia mradi huo mwanzoni walikuwa wameahidiwa mhusika mmoja wa ziada, ambaye ndiye aliyekua akawa gemu nzima. Mchezaji mwingine yeyote aliweza kuisahau akaendelea na maisha yake. Mwaka wa shabiki unaweza kuahirishwa. Akiwa na miaka 30 atacheza alichokikosa akiwa na 24. Gemu ya Aurion ya Kiro'o Games huko Yaoundé, kwa upande wake, ilichangisha mtandaoni mwaka 2015 ikatoka Aprili 2016. Studio za Kiafrika, kwa kawaida, hazina mtaji wa kuahirisha kwa muongo mzima. Umaskini umewalazimisha kuwa waaminifu, sifa ambayo bila shaka wangependa kuibadilisha kwa pesa.

Mwaka wa mtoto wa darasa la kwanza hauahirishwi, na hilo ndilo linaloutenga mkasa wa vipakatalishi na visa vingine vyote nilivyovitaja. Piga hesabu. Aliyeingia darasa la kwanza Januari 2014, mtoto halisi wa ahadi ile, alikuwa darasa la tatu vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016, navyo vilikusudiwa walio nyuma yake. Wazo la maabara lilipochukua nafasi, alikuwa darasa la sita. Mwaka 2020 corona ikafunga shule kuanzia Machi, masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na kwenye simu za wazazi waliokuwa nazo, mwaka ambao kifaa cha kila mtoto kingekuwa na maana kuliko wakati wowote. Mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, wa mwaka 2021, ulisogezwa hadi Machi 2022. Watahiniwa zaidi ya milioni 1.2 waliingia vyumba vya mtihani kote nchini kwa siku tatu, kila mmoja akiwa na karatasi ya majibu yenye visanduku vidogo, akivijaza kimoja kimoja kwa penseli.